Francis Ngannou: maswali yasiyoisha barazani

Kila kukiwa na pigano kubwa, chumba chetu cha kuonyeshea michezo hapa mtaa wa Langoni, Lamu, hujaa, na likimalizika maswali huhamia barazani nje mpaka kahawa iishe. Mengi yanamhusu Ngannou, hata miezi ambayo hajapanda ulingoni. Tumeyaweka hapa yale yanayorudi kila mara, ili mgeni asije akaanza kubishana na watu wa mtaa jirani wa Mkomani mikono mitupu. Penye maoni yangu nitasema ni yangu.

Ngannou ni bingwa wa nini hasa?

Francis Ngannou ni Mkameruni, alizaliwa Batié, magharibi mwa Kameruni, tarehe 5 Septemba 1986. Alishika mkanda wa uzito wa juu wa UFC kuanzia Machi 2021 hadi Januari 2023. Oktoba 2024 akatwaa mkanda wa uzito wa juu wa PFL, kampuni inayoshindana na UFC. Zote mbili huandaa MMA, mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, viwiko, magoti, mieleka na kukabana shingo au viungo mpaka mmoja agonge kwa mkono kuonyesha kwamba ameshindwa. Uzito wa juu huanzia pale kilo 93 zinapopita na kuishia kilo 120.

Ni kweli alikuwa mchimba mchanga, au ni hadithi za kuuza tiketi?

Ni kweli, na ameieleza mwenyewe mara nyingi. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka 6. Alipofika miaka kama 10 alikuwa tayari yuko machimboni akichota mchanga kwa sepetu na kupakia malori, kwa sababu ada ya shule haikuwepo. Kwetu hapa hilo halihitaji maelezo marefu. Aliyewahi kuvuka kwenda kisiwa cha Manda akawaona wale wa kijiji cha Maweni wanavyokata mawe na kuponda kokoto kwenye jua la saa saba anajua kazi ya aina hiyo inamfanya nini mtu mgongoni na kichwani.

Watu hupenda kusema nguvu ya ngumi zake ilitoka kwenye lile sepetu. Mimi sikubali sana. Sepetu limeshikwa na maelfu ya watu, na aliyetoka na ngumi ile ni mmoja. Ninachokiona kimetoka machimboni ni uwezo wa kuvumilia kazi isiyo na faida ya haraka, na huo utauona katika miaka iliyofuata kuliko katika misuli.

Baba yake alijulikana kwa kupigana mitaani, na watoto wa kijijini walimwambia naye atakuwa vivyo hivyo. Akaamua kama ni kupigana, basi apigane kwa sheria, kama Mike Tyson aliyemhusudu. Hata hivyo mazoezi ya ndondi aliyaanza akiwa na miaka 22. Wengi umri huo wameshapigana mapigano kadhaa ya ridhaa.

Alifikaje Ulaya?

Kwa miguu, kwa malori na kwa bahati. Aliondoka Kameruni mwaka 2012, akapita Nigeria, Niger na jangwa la Sahara hadi Algeria, kisha Moroko. Ilimchukua zaidi ya mwaka. Amesimulia jinsi jangwani walivyokunywa maji ya visima vyenye mizoga ya wanyama, kwa kuwa hapakuwa na mengine. Moroko alikwama muda mrefu akijaribu kuvuka kwenda upande wa Hispania, akakamatwa na kurudishwa tena na tena. Alipofaulu kuvuka alifungwa miezi miwili kwa kuingia bila kibali, na alipoachiwa mwaka 2013 akaenda Paris, ambako hakuwa na ndugu wala pa kulala. Alilala kwenye maegesho ya magari.

Kijana mmoja hapa aliwahi kuuliza kama safari hiyo inafaa kuigwa. Hapana. Tunamjua Ngannou kwa sababu alifika. Waliobaki jangwani na baharini hatuwajui majina.

Nani alimtoa kwenye ndondi akamtia kwenye MMA?

Alifika Paris akitafuta ndondi tu. Pale kwenye ukumbi wa mazoezi akakutana na Didier Carmont, aliyemtazama umbo lake na kumshauri ajaribu MMA, kwani huko angepata hela haraka zaidi. Akaenda MMA Factory kwa kocha Fernand Lopez, naye mwenye asili ya Kameruni, akapewa vifaa na ruhusa ya kulala humo ukumbini. Novemba 2013 alipigana pigano lake la kwanza akashinda. La pili, mwezi uliofuata, alishindwa kwa pointi na Zoumana Cisse. Kumbuka hilo, maana watu husema alizaliwa hashindwi. Huyo Lopez naye mkumbuke, atarudi.

Mbona kila mtu huanzia pigo la Overeem?

Kwa sababu ukiliona hulisahau. Aliingia UFC Desemba 2015 na akawa anawaangusha watu mfululizo. Desemba 2017, mjini Detroit, alikutana na Alistair Overeem, mpiganaji mkongwe aliyewahi kuwa bingwa wa mateke duniani. Katika raundi ya kwanza, dakika 1 na sekunde 42, Ngannou alirusha mkono wa kushoto kutoka chini, kidevu cha Overeem kikapaa na mwili ukafuata. Baada ya hapo waandishi na mashabiki walimvisha ubingwa kabla hajaupigania. Nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Basi Miocic alimshindaje mara ya kwanza?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu, na nashangaa huulizwa na wachache.

Tarehe 20 Januari 2018, Boston. Stipe Miocic, bingwa wa wakati ule, ni zimamoto wa Ohio, si mzito kama Ngannou, na wacheza kamari wengi walikuwa wamemtupa. Raundi ya kwanza Ngannou alirusha kila ngumi kana kwamba ndiyo ya mwisho. Miocic alikwepa nyingi, akala chache, na kila Ngannou aliposogea kwa pupa alimdaka miguu na kumbwaga. Kisha akamlalia. Mtu wa kilo mia na zaidi akikulalia kifuani, kila pumzi unayovuta unainunua.

Rudia picha za mwisho wa raundi ya kwanza, uangalie mdomo wa Ngannou. Uko wazi tayari, mikono inaanza kushuka, na bado dakika ishirini zimebaki. Ngumi zilizofuata zilitoka begani tu, kiuno hakigeuki tena. Majaji wote watatu waliandika 50 kwa 44. Kwa wasiojua hesabu hiyo: mshindi wa raundi hupata 10 na aliyeshindwa kwa kawaida 9, kwa hiyo raundi tano ni 50 kwa 45. Kuwa 44 maana yake kuna raundi moja aliyopigwa vibaya kiasi cha kupewa 8.

Usiku huo Miocic alitetea mkanda wa uzito wa juu mara ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna bingwa wa UFC wa uzito huo aliyewahi kulifanya. Ngannou alitoka na orodha ya vitu asivyokuwa navyo: pumzi, mieleka na subira.

Na lile la Derrick Lewis, nilitazame?

Usilitazame. Julai 2018, Las Vegas, wanaume wawili wenye ngumi nzito kuliko wote duniani walikaa dakika kumi na tano wakitazamana. Lewis alipewa ushindi kwa pointi na ukumbi ulizomea. Ngannou alikiri baadaye kwamba hofu ya pigano la Miocic aliingia nayo humo ulingoni. Rais wa UFC, Dana White, naye alimsema hadharani kwamba majivuno yalimpanda kichwani. Kwangu mimi huo ndio mwisho wa chini kabisa wa kazi yake ulingoni, chini kuliko hata alipolazwa baadaye na bondia Anthony Joshua. Kupigwa ni jambo la mchezo. Yeye siku ile hakupigana.

Alirudi vipi?

Alihamia Las Vegas, akafanya mazoezi Xtreme Couture chini ya Eric Nicksick, ukumbi wenye watu wa mieleka. Halafu: Curtis Blaydes sekunde 45, Cain Velasquez sekunde 26, Junior dos Santos dakika 1 na sekunde 11, Jairzinho Rozenstruik sekunde 20. Velasquez na dos Santos wote waliwahi kuwa mabingwa. Jumlisha mapigano yote manne upate dakika 2 na sekunde 42. Sufuria ya chai ya maziwa haijachemka.

Lakini ushindi wa namna hiyo una kasoro yake. Ukimaliza kazi kwa sekunde ishirini, hakuna anayejua kama umejifunza kupumua.

Siku aliyochukua mkanda ilikuwaje?

Ilikuwa Jumapili asubuhi kwetu, tarehe 28 Machi 2021, ingawa Las Vegas ilikuwa bado usiku wa Jumamosi. Kulikuwa na kafyu ya korona nchini, iliisha saa kumi alfajiri, kwa hiyo waliotaka kutazama walitoka msikitini baada ya Alfajiri na kuja moja kwa moja. Pigano lenyewe lilifika saa moja na kitu, jua limeshatoka.

Miocic akajaribu dawa yake ya zamani: akaingia miguuni. Ngannou akarudisha nyonga nyuma, akamlemea kwa uzito, akazunguka mgongoni na kuanza kupiga. Mimi niliona pigano limekwisha hapo, si pale kwenye nokauti. Ule mlango uliompa Miocic ushindi mwaka 2018 ulikuwa umefungwa. Na safari hii Ngannou hakukimbilia. Alipiga akatulia, akarusha teke, akarudi nyuma, akangoja.

Raundi ya pili alimyumbisha Miocic. Miocic akarudisha mkono wa kulia ukafika, akasogea mbele akidhani ni zamu yake, na hapo ndoano ya kushoto ikamkuta. Alianguka chali, mguu umekunjika chini yake. Sekunde ya 52 ya raundi ya pili. Wakati ule Kamaru Usman na Israel Adesanya, wazaliwa wa Nigeria, nao walikuwa na mikanda yao, hivyo Afrika ikawa na mabingwa watatu wa UFC kwa pamoja.

Kwa nini alianza kugombana na UFC hali yeye ndiye bingwa?

Miezi kama minne tu baada ya kuchukua mkanda, UFC iliandaa pigano la mkanda wa muda, Agosti 2021, Derrick Lewis dhidi ya Ciryl Gane. Gane akashinda. Kambi ya Ngannou ililichukua kama dharau. Na Gane si mtu wa mbali: ni Mfaransa aliyefundishwa na Fernand Lopez, kocha yule yule wa MMA Factory, ambaye yeye na Ngannou walikuwa wameshaachana kwa maneno. Ngannou na Gane waliwahi hata kufanya mazoezi pamoja.

Walikutana tarehe 22 Januari 2022, Anaheim. Ngannou aliingia na kano za goti zimeumia. Raundi mbili za kwanza Gane alimchezea, anagusa na kutoka. Raundi ya tatu, Ngannou, mtu tuliyezoea kumwona akilala chini ya wenzake, alimnyanyua Gane na kumtupa chini. Akaendelea hivyo hadi mwisho. Raundi ya tano Gane alikuwa juu, akashawishika kuvuta mguu wa Ngannou kutafuta kumvunja kifundo, akapoteza nafasi, na Ngannou akamaliza yeye akiwa juu. Majaji: 48 kwa 47, 48 kwa 47, 49 kwa 46.

Ukiniuliza ushindi wake mkubwa, nataja huu. Hakushinda kwa ngumi hata kidogo. Alishinda kwa kile alichofundishwa na zimamoto wa Ohio kwa njia chungu. Malipo yake yaliyotangazwa ya usiku ule yalikuwa dola 600,000, na aliyemfunga mkanda hakuwa Dana White.

Sasa mtu mwenye akili anaachaje mkanda wa UFC?

Swali hili huulizwa kwa hasira, hasa na wazee. Mambo yalikuwa hivi. Pigano la Gane lilikuwa la mwisho kwenye mkataba wake, lakini mikataba ya mabingwa ina kipengele cha kuirefusha. Akafanyiwa upasuaji wa goti, akakaa, muda ukapita, kipengele kikaisha nguvu. UFC ikampa ofa mpya ya pesa nyingi. Yeye akaomba vitu vingine: ruhusa ya kupigana ndondi, bima ya afya kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea wapiganaji kwenye meza ya mazungumzo. Hakupewa. Tarehe 14 Januari 2023 UFC ilitangaza kwamba imemwachia, na mkanda ukawa hauna mwenyewe.

Miezi minne baadaye alisaini PFL, akakubaliwa kupigana ndondi nje, akapewa nafasi ya kuongoza PFL Afrika, na ikasemekana mpinzani wake yeyote atahakikishiwa dola milioni 2 kwa uchache. Hicho cha mwisho kinanigusa kuliko vyote. Mara ngapi umeona mtu akifanya mazungumzo ya mshahara akamtajia na wa yule atakayempiga?

Wapagazi wetu wa gatini wanalielewa jambo hili haraka kuliko mashabiki wa mjini. Mwenye nguvu nyingi kuliko wote si lazima awe ndiye anayepanga bei ya mzigo. Ngannou alikataa kubeba mpaka bei izungumzwe.

Si alimkimbia Jon Jones?

Watu wa Mkomani wanaamini hivyo. Jones, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa UFC wa uzito wa chini yake, alipanda uzito wa juu na Machi 2023 akamkaba Gane shingo akamshinda kwa dakika 2 na sekunde 4, akachukua ule mkanda ulioachwa wazi. Kwa kuwa Ngannou alihitaji raundi tano kwa mtu huyo huyo, wanasema hesabu iko wazi. Haiko wazi. Ngannou alikuwa na goti bovu. Na mtu anayekimbia hamfuati bondia kama Tyson Fury. Nakubali kwamba kutofanyika kwa pigano la Jones na Ngannou ni hasara kubwa kwa mchezo, lakini lawama ina wenyewe zaidi ya mmoja.

Fury alishinda kihalali?

Tarehe 28 Oktoba 2023, Riyadh. Pigano la kwanza la ndondi za kulipwa maishani mwa Ngannou, mbele yake Fury, bingwa asiyewahi kushindwa wa WBC, moja ya mashirika ya ndondi duniani, ingawa mkanda haukuwekwa mezani. Mike Tyson alimsaidia kambini. Raundi ya tatu, ndoano ya kushoto, Fury akaenda chini. Chumba chetu kilipasuka. Jirani mmoja alikuja akidhani ni mwizi.

Majaji wawili walimpa Fury, 96 kwa 93 na 95 kwa 94, mmoja akampa Ngannou 95 kwa 94. Mimi nimelirudia na bado nampa Fury kwa pointi moja, na nimetukanwa vya kutosha kwa hilo. Alimaliza raundi za mwisho akigusa zaidi. Lakini kushindwa kule kulimpandisha Ngannou kuliko ushindi wake mwingi, hata WBC ikamwingiza kwenye kumi bora.

Na Joshua?

Machi 8, 2024, Riyadh tena, siku chache kabla ya Ramadhani. Anthony Joshua alimwangusha raundi ya kwanza, akamwangusha mara mbili ya pili, na ya mwisho hakuamka mpaka daktari alipofika. Fury alikuwa amekuja mzembe. Joshua alikuja amesoma. Hapana zaidi.

Alirudi MMA baada ya hapo?

Ndiyo, lakini kabla ya hapo, Aprili 2024, mwanawe Kobe alifariki akiwa na miezi 15. Aliandika waziwazi kwamba hajui atasimamaje, na watu wengi walidhani hatapigana tena.

Oktoba 19, 2024 alipigana Riyadh na Renan Ferreira wa Brazili, mrefu kuliko yeye. Hakusimama kubadilishana naye ngumi. Alimdaka, akambwaga, akampiga chini mpaka refa akaingia kati, raundi ya kwanza. Alipohojiwa alimtaja mwanawe na kulia mbele ya watu. Barazani siku ile hakukuwa na ubishi wowote.

Mchezo huu ni halali kidini?

Muulize shekhe wako, si mwenye televisheni. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wengi hawapendi kupiga uso, na wapo vijana hapa wanaotazama mieleka tu na kuondoka ngumi zikianza.

Mbona mengine huja usiku na mengine asubuhi?

Riyadh saa yao ni sawa na ya Lamu, kwa hiyo pigano la Riyadh linalochelewa kwao linachelewa na kwetu, saa sita au saba za usiku. Las Vegas wako nyuma yetu saa kumi au kumi na moja kulingana na msimu, ndiyo maana pigano la Jumamosi usiku huko ni la Jumapili asubuhi hapa. Asubuhi hatutozi kiingilio kwa anayekuja na mahamri ya wote.

Mwanangu ana miaka 17 na kilo 70, anataka awe kama Ngannou. Nifanye nini?

Mwambie kilo 70 ni uzito mwepesi, huko kuna mabingwa wake, aache kula kwa kujilazimisha. Amalize shule kwanza. Ngannou alianza ndondi akiwa na miaka 22 na MMA akiwa na 27, hivyo muda anao. Akishikilia, aanze na mieleka.